Nyumbani, Dakika Kumi na Mbili

Si saluni, si jipu.
Ni popo wa magari: ukimwita ndege, ana meno,
ukimwita mnyama, huyo anaruka.
Nililinunua kwa Bwana Clegg, mgane wa Walkley,
maili elfu thelathini na moja,
rangi ya chungwa lililolala sokoni.

Plastiki nyeusi imezunguka magurudumu
kama wanja wa bibi harusi asiyekwenda popote.
Kwenye tangazo lilisimama kileleni, peke yake, na mawingu.
Kilele changu ni Sheffield, saa kumi na mbili asubuhi,
mtaa uliosimama kama ngazi ya kuezekea,
na wazee tisa wanaongoja chai, vidonge
na soksi za kubana.

Chini ya boneti, pistoni tatu.
Fundi Imtiaz alicheka: "Tatu tu?"
Nikamwambia, kwetu mafiga ni matatu
na pilau ya harusi inaiva.

Siku ya kwanza, kwenye taa nyekundu, injini ilizimika.
Nikasema innalillahi. Nikauona mkopo,
miezi arobaini na minane, umekaa kiti cha nyuma.
Taa ikawa kijani, likaamka lenyewe,
likajinyoosha kama mtu aliyezushiwa kifo.
Sasa nimelizoea. Linabana mafuta
kuliko mimi ninavyobana sukari.

Nikirudi nyuma linapiga kelele, ti, ti, titi, tiii,
kama mama mkwe aliyeona kikombe ukingoni mwa meza.
Kamera inanionyesha nilikotoka kwa mistari ya njano.
Ingalikuwapo ya miaka pia,
nisingaligonga vingi.

Na mlimani, ninapoachia breki,
linanishikilia. Sekunde mbili.
Siwahesabu wengi walionishikia hata hizo.

Lakini kiti ndicho kisa.
Huingii kwa kudumbukia, wala kwa kupanda,
unageuka tu, unaketi, kama ukingoni mwa kitanda.
Bi Ollerenshaw, na nyonga yake ya chuma,
alikaa mara moja akasema, "Hapa,"
akakataa kushuka mpaka tuzunguke bustani.
Bwana Clegg aliniambia walipita maduka saba
kutafuta kimo hiki, kwa magoti ya Sheila.
Aliniambia huku akifuta kioo
kilichokwisha kutakata.
Nikajifanya nasoma karatasi za bima.

Akasahau kufuta kitu kimoja.
Nikiwasha gari, skrini inaandika:
NYUMBANI, DAKIKA KUMI NA MBILI.
Si kwangu. Ni kwake, kwenye mlango wa kijani
na chuma cha kushikia kilichopigwa ukutani.
Binti yangu Ramla anasema, "Mama, ni kubonyeza tu."
Najua kubonyeza, mwanangu.
Nabonyeza vidonge vya watu kutwa.

Usiku wa theluji, Januari,
nilitoka kwa mzee wa tisa, miguu si yangu,
skrini ikasema: NYUMBANI, DAKIKA NNE.
Nikafuata, sijui kwa nini. Pengine usingizi.
Taa ya jikoni ilikuwa inawaka.
Alisimama dirishani na birika mkononi,
akalipungia gari,
mimi hakuniona, nadhani,
au aliniona akaona haidhuru.
Injini ikasinzia. Theluji ikafunika kioo,
waipa wakaifuta bila kuambiwa.
Sikushuka. Kesho yake nilishuka.

Ramla ameniandikia ya kwangu, chini ya ile:
NYUMBANI 2.

Na kiti cha abiria, kile cha kujipasha moto,
bado kinajiwasha chenyewe baridi ikizidi.
Nimetafuta swichi, nimechoka.
Naweka mkate wa jioni pale, naufunga mkanda
ili gari liache kulalamika,
na unafika mlangoni una joto
kama umetoka tanuri sasa hivi.